Nyumba ya pili uani: mambo ya kukagua kabla hujamwita msanifu

Wengi wanaotaka kuongeza nyumba nyuma ya nyumba yao huanza na mchoro. Wanamtafuta msanifu, wanakubaliana idadi ya vyumba, wanabishana kuhusu bati na vigae. Mwishoni kabisa ndipo ofisa wa mipango miji anapouliza bomba la maji taka la mtaa linapita wapi. Kumbe linapita chini ya sebule ile iliyochorwa. Pesa ya mchoro imeshakwenda, na kinachofuata ni kuanza upya huku moyo umevunjika.

Ndiyo maana katika mwongozo huu mchoro unakuja mbali sana. Kanuni hutofautiana nchi kwa nchi, na hata halmashauri kwa halmashauri, lakini maswali ambayo kanuni hizo zinataka yajibiwe ni yale yale karibu kila mahali. Nitataja tarakimu za sehemu kadhaa ili uone jinsi kanuni zinavyoandikwa. Usizichukue kuwa zako. Za kwako utazipata kwenye ofisi inayotoa vibali pale kiwanja chako kilipo.

Hatua ya 1: Jua unachotaka kujenga kinaitwaje

Kinachofanya jengo la uani lihesabiwe kuwa makazi ya pili mara nyingi si ukubwa wake. Ni kama mtu anaweza kuishi humo siku zote bila kukanyaga nyumba kubwa: ana pa kulala, pa kuoga, na hasa pa kupikia. Jiko ndilo hubadilisha hesabu yote. Chumba chenye kitanda na bafu kinaweza kukubaliwa kuwa sehemu ya nyumba iliyopo. Ongeza jiko na mlango wake wa nje, na ofisi itakwambia umejenga nyumba.

Tofauti hiyo ina uzito. Uingereza, kwa mfano, katika eneo la England, mwenye nyumba huruhusiwa mara nyingi kujenga jengo dogo uani bila kuomba ruhusa ya mipango miji, mradi lisizidi urefu wa mita 2.5 likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani, na mradi majengo yote ya ziada yasifunike zaidi ya nusu ya eneo linaloizunguka nyumba ya awali. Lakini ruhusa hiyo ni ya jengo la kusaidia nyumba kubwa, kama stoo, karakana au chumba cha mazoezi. Ukijenga makazi yanayojitegemea, ruhusa hiyo haikuhusu, hata kama vipimo vyote umevitimiza. Watu wengi wameumia hapo: walisoma vipimo, hawakusoma matumizi.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi majibu ya maswali matatu. Nani ataishi humo, ndugu au mpangaji? Atalipa kodi ya pango? Na je, siku moja utataka kuiuza peke yake? Hili la tatu usilipuuze, maana sheria nyingi huikubali nyumba ya pili kwa sharti kwamba kiwanja kinabaki kimoja. Jimbo la New South Wales nchini Australia huiruhusu nyumba ya aina hii, kwa kawaida ikiwa na sakafu isiyozidi mita za mraba 60, lakini halikubali kiwanja kigawanywe ili iuzwe kando. California nchini Marekani, tangu mwaka 2024, imeziachia serikali za miji ziamue zenyewe kama zitaruhusu nyumba ya uani iuzwe peke yake. Ukijenga kwa matumaini ya kuuza mahali pasiporuhusu kuuza, utakuwa umefungia akiba yako ndani ya kiwanja.

Hatua ya 2: Soma karatasi zako zote, si hati peke yake

Hati ya umiliki ina masharti, na masharti hayo ndiyo watu hawayasomi. Tafuta yafuatayo: matumizi yaliyoruhusiwa ya ardhi, idadi ya nyumba zinazokubalika katika kiwanja kimoja, na haki yoyote ya mtu mwingine kupita au kupitisha kitu katika ardhi yako. Haki ya njia ya jirani mara nyingi haifutiki kwa sababu tu kwa miaka 20 hakuna aliyeitumia na wewe umepanda migomba hapo.

Baada ya hati, angalia kama kuna makubaliano ya mtaa au ya mradi wa nyumba uliponunua. Mengine hutamka wazi kwamba kiwanja kimoja kitakuwa na nyumba moja tu. Jambo la kulishika ni kwamba kibali cha halmashauri hakiyafuti makubaliano hayo. Halmashauri inaangalia mipango miji; makubaliano ni deni lako kwa wenzako, na wanaweza kukufikisha mahakamani ukiwa na kibali chako mkononi.

Kama nyumba ina mkopo wa benki, ombi la ridhaa ya benki liandikwe mapema. Kama mmiliki mwenza yupo, saini yake pia.

Kisha omba ramani za vitu vilivyozikwa: maji, maji taka, umeme, mawasiliano. Uliza pia kama kiwanja kiko katika eneo la mafuriko, hifadhi ya barabara, hifadhi ya mto, au eneo la urithi wa kale. Kimojawapo kati ya hivyo kinatosha kugeuza nyumba iliyoruhusiwa kwa jirani yako kuwa nyumba iliyokatazwa kwako.

Hatua ya 3: Pima, kisha piga hesabu

Usitumie ukuta wa uzio kama mpaka. Kuta hujengwa kwa macho, mipaka huwekwa kwa vipimo. Mwite mpima ardhi aonyeshe bikoni zilipo, maana kosa la nusu mita likigundulika msingi ukiwa umeshamwagwa zege halirekebishiki kwa maneno.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo ndoto nyingi hukutana na ukweli. Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 30, yaani mita za mraba 450. Nyumba iliyopo ni mita 10 kwa 13, yaani 130. Kuna baraza la mita za mraba 10, na pembeni kuna banda la gari la mita 3 kwa 6, yaani 18. Jumla ni 158. Tuseme kanuni inaruhusu majengo yafunike asilimia 40 ya kiwanja: hiyo ni 180. Ukitoa 158 unabaki na mita za mraba 22.

Mwenye kiwanja hicho akisimama uani haoni 22. Anaona uwanja mpana. Nyumba imeanza mita 6 kutoka mbele, ina kina cha mita 13, kwa hiyo nyuma kuna mita 11. Ukiacha mita 2 za mpaka wa nyuma na mita 3 kati ya nyumba na nyumba, unabaki na kina cha mita 6. Upana, ukiacha mita 1.5 kila upande, ni mita 12. Sita mara kumi na mbili ni 72. Macho yanasema 72, kanuni inasema 22. Msanifu asiyeuliza atachora 72.

Sasa tazama lile banda la gari. Likibomolewa, nafasi inapanda kutoka 22 hadi 40, na mita 40 za mraba zikipangwa vizuri zinatosha chumba, sebule yenye jiko, na bafu. Zaidi ya hapo, banda hilo ndilo limeziba njia pana ya kwenda nyuma. Ukilitoa unatatua mambo mawili na kuzalisha moja: gari litakaa wapi? Baadhi ya ofisi zitakudai nafasi nyingine ya kuegesha. California iliamua kwamba gereji ikigeuzwa au kubomolewa ili kujenga nyumba ya uani, mji hauwezi kudai nafasi hiyo irudishwe. Kwingine wataidai, na huenda wakaongeza nafasi moja kwa ajili ya mpangaji.

Hesabu hii ifanye kwa vipimo vyako kabla ya kitu kingine chochote. Uliza hasa nini kinahesabiwa: je, baraza lililo wazi linahesabiwa? Tangi la maji lililoezekwa? Paa lililochomoza nje ya ukuta? Ofisi mbili jirani zinaweza kujibu tofauti. Na kama kuna kikomo cha pili, kile cha jumla ya sakafu zote ukilinganisha na kiwanja, basi kupanda ghorofa hakukuokoi kama ulivyodhani.

Hatua ya 4: Umbali, urefu na madirisha

Umbali wa kuacha mpakani watu huuona kama ardhi iliyopotea. Una sababu zake. Moto hauruki kirahisi kwenye nafasi tupu. Fundi anahitaji pa kusimama apige lipu au abadilishe bomba la mfereji wa paa. Jirani anahitaji mwanga na hewa. Ukijua sababu, unaweza kujadiliana na ofisi kwa akili: ukuta wa matofali usio na dirisha mara nyingi hukubaliwa karibu na mpaka kuliko ukuta wenye dirisha au wa mbao.

Umbali wenyewe hutofautiana sana. California imeweka kwamba nyumba ya uani haiwezi kudaiwa zaidi ya futi 4, yaani kama mita 1.2, pembeni na nyuma. Sehemu nyingine hudai mara mbili au tatu ya hapo. Hakikisha pia umbali unapimwa kutoka wapi: kwenye uso wa ukuta au kwenye ncha ya paa. Paa lililochomoza sentimita 60 linaweza kukugharimu kibali.

Kuhusu madirisha, simama mahali dirisha litakapokuwa na uangalie unaona nini. Ukiona kitanda cha jirani, badilisha sasa. Dirisha la juu, lenye kizingiti mita 1.7 kutoka sakafuni, huleta mwanga bila kuleta ugomvi.

Hatua ya 5: Njia ya kufika nyuma

Nyumba ya uani haina barabara. Atakayeishi humo atapita wapi usiku, mvua inanyesha, amebeba mtoto? Wabeba machela watapita wapi? Mabomba ya zima moto yatafika? Mwongozo wa ujenzi wa England unataka gari la zima moto liweze kusogea hadi ndani ya mita 45 kutoka kila sehemu ya ndani ya nyumba, na umbali huo hupimwa kwa njia ambayo bomba litapita, pamoja na kona zake. Kiwanja kirefu chenye nyumba mwishoni kinaweza kuangushwa na kipimo hicho peke yake.

Njia yenyewe iwe ya mwenye nyumba, isiwe ya jirani, isipite ndani ya nyumba kubwa, na isifungwe na geti ambalo mpangaji hana ufunguo wake. Mita moja ya upana, bila mitungi, mita za umeme wala ngazi, ndicho kiasi cha chini ambacho ningekubali mwenyewe, hata pale kanuni isipotamka. Kumbuka pia kwamba matofali, mchanga na nondo vitapita hapo hapo.

Hatua ya 6: Maji taka, maji ya mvua, umeme

Nikilazimika kuchagua jambo moja la kuchunguza kwa kina, nitachagua maji taka. Chumba unaweza kukipunguza, dirisha unaweza kulihamisha, lakini maji hayapandi mlima kwa sababu umeomba.

Mabomba ya choo huhitaji mteremko, na kipimo kinachotumika sana ni kushuka mita 1 kwa kila mita 40. Kama kutoka choo kipya hadi chemba ya mbele, yaani shimo dogo lenye mfuniko ambamo mabomba ya maji taka hukutana, ni mita 20, bomba litashuka nusu mita. Fungua chemba hiyo, pima kina chake, kisha linganisha usawa wa ardhi ya mbele na ya nyuma. Ikiwa kiwanja kinateremka kuelekea nyuma, huenda bomba la choo kipya likatakiwa litoke juu ya usawa wa sakafu ili lifike kwenye chemba. Hapo una njia tatu: uinue sakafu, na urefu wa jengo uongezeke, uweke pampu, ambayo itahitaji umeme na matengenezo maisha yake yote, au utafute njia ya nyuma kupitia kwa jirani, ambayo ni makubaliano ya kuandikishwa, si ya kupeana mkono.

Kama mnatumia shimo, swali ni uwezo wake. Shimo lililojengwa kwa familia moja halitamudu mbili kwa kuongezewa bomba tu. Ofisi itataka kuona hesabu ya watu wote, umbali wa shimo kutoka kwenye misingi na visima, na jinsi gari la kunyonya litakavyolifikia. Nimeshaona nyumba mpya nzuri iliyojengwa ikaziba kabisa njia ya kulifikia shimo la nyumba zote mbili, na miaka miwili baadaye ikabidi ukuta ubomolewe.

Usijenge juu ya bomba la umma bila idhini ya mamlaka yake. Wana haki ya kulichimbua.

Maji ya mvua yana hesabu rahisi. Paa la mita za mraba 40 likipokea milimita 50 za mvua hutoa lita 2,000. Zamani maji hayo yalinywewa na udongo wa uani. Sasa udongo huo umefunikwa. Yaelekeze kwenye tangi, kwenye shimo la kunyonya lililo mbali na misingi, au kwenye mtaro unaoruhusiwa. Kuyaacha yaende kwa jirani ndiyo njia fupi ya kupata pingamizi, na atakuwa na haki.

Umeme: uliza kama laini iliyopo inamudu nyumba mbili, na kama mita ya pili inaruhusiwa. Baadhi ya mamlaka huichukulia mita ya pili kama dalili ya makazi ya pili, kwa hiyo iombe baada ya jambo la hatua ya 1 kukaa sawa, si kabla.

Hatua ya 7: Tenganisha ruhusa mbili

Ruhusa ya mipango miji hujibu kama nyumba inaweza kuwa hapo. Kibali cha ujenzi hujibu kama nyumba itasimama, haitaungua kirahisi na haitawadhuru wakaaji. Hata pale ofisi moja inapotoa zote, ni maswali mawili, na msamaha wa moja si msamaha wa nyingine.

Jimbo la Victoria, Australia, tangu Desemba 2023, halidai ruhusa ya mipango miji kwa nyumba ya pili isiyozidi mita za mraba 60 katika viwanja vingi vya mita za mraba 300 au zaidi, lakini kibali cha ujenzi bado kinatakiwa. New Zealand, kuanzia tarehe 15 Januari 2026, imeondoa hata hitaji la kibali cha ujenzi kwa nyumba ndogo zisizozidi mita za mraba 70, kwa masharti: ziwe za chini zisizo na ghorofa, za muundo rahisi, kazi ifanywe au isimamiwe na wataalamu wenye leseni, na halmashauri ijulishwe. Ukisikia mtu anasema "siku hizi haihitaji kibali", muulize ni kibali kipi, na kwa masharti gani.

Hatua ya 8: Nenda ofisini ukiwa na mchoro wa mkono

Sasa ndio wakati. Si mchoro wa msanifu. Mchoro wako wa mkono wenye vipimo vya kweli, nakala ya hati na picha za uani. Omba kikao cha ushauri kabla ya maombi; ofisi nyingi zina utaratibu huo. Usiulize "naweza kujenga?", maana jibu lake litakuwa "inategemea". Uliza hivi: kiwanja hiki kiko katika kundi gani la matumizi? Kikomo cha eneo la kufunikwa ni asilimia ngapi, na nini kinahesabiwa? Umbali wa chini kila upande ni upi? Nafasi ngapi za gari? Kuna ada za miundombinu? Maombi ya aina hii huamuliwa na ofisa au na kamati, na kwa muda gani?

Majibu yaandike na umtumie ofisa huyo kwa barua ukimwomba athibitishe. Ofisa huhamishwa, barua inabaki.

Siku hiyo hiyo, au kabla, ongea na majirani wa pande zote. Wapelekee ule mchoro. Jirani aliyesikia kwako atakueleza hofu yake kuhusu dirisha au maji. Aliyesikia kwenye tangazo atamweleza ofisa.

Hatua ya 9: Maombi yenyewe

Mwite msanifu sasa, na umpe hesabu zako zote. Faili kwa kawaida litakuwa na ramani ya mahali kiwanja kilipo, mchoro wa kiwanja unaoonyesha majengo yote na umbali, mchoro wa sakafu, sura za pande zote nne, mkato wa jengo (mchoro unaolionyesha kana kwamba limekatwa katikati kutoka juu hadi chini), mpango wa maji taka na maji ya mvua, na michoro ya mhandisi pale inapotakiwa. Maombi mengi hukwama si kwa kukataliwa bali kwa karatasi iliyokosekana. Muda wa kujibiwa, pale sheria inapouweka, huanza kuhesabiwa faili likiwa limekamilika. California huwapa miji siku 60 kuanzia hapo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uangalie siku za kukata rufaa. Mara nyingi kurekebisha na kuomba upya ni haraka kuliko rufaa.

Hatua ya 10: Wakati wa kujenga, na baadaye

Mkaguzi aitwe kabla ya kumwaga zege la msingi na kabla ya kufukia mabomba, siyo baada. Mabadiliko yoyote, hata kusogeza ukuta sentimita 40, yaende kwanza kwenye ofisi. Kazi ikiisha, fuatilia cheti cha kuruhusu jengo likaliwe. Bila hicho, bima inaweza kukataa kulipa na mnunuzi atakushusha bei. Ijulishe kampuni ya bima, na uombe namba ya nyumba ili gari la wagonjwa lijue linaenda wapi.

Na kama tayari umejenga bila kibali, usikae ukingoja muda upite. England ilikuwa na kikomo cha miaka 4 ambacho baada yake nyumba isiyo na ruhusa haikuweza kuchukuliwa hatua. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 kimekuwa miaka 10. Na kujificha hakusaidii: kule Surrey mtu mmoja alijenga nyumba mithili ya ngome nyuma ya marobota ya majani makavu hadi miaka 4 ipite, lakini ikaamuliwa kwamba kuyaondoa marobota ni sehemu ya ujenzi wenyewe, hivyo miaka ilikuwa haijaanza kuhesabiwa. Nyumba ikabomolewa mwaka 2016. Nenda uombe kibali cha kurasimisha, ukiwa na vipimo halisi na picha za vile vilivyozikwa kama unazo. Kama huna, mhandisi atalazimika kuchimba sehemu chache aone msingi. Mkubalie achimbe.